MASWALI YA NYUMBANI: Kupimwa Mlango wa Kizazi



Mwezi huu twajibu maswali ambayo wake huyanong'ona na waume hawathubutu kuyauliza. Haya ni pambo la nyumba, walakini ikizidi huua. Tumekwisha kumzika mama mmoja wa mtaa wetu aliyeficha kutokwa kwake na damu hata dawa ikashindwa. Nasi tuliomfundisha kila juma hatukumwuliza neno. Twaandika kwa kujuta.

*Sina maumivu, nipimwe kwa nini?* Kwa kuwa saratani hii huanza kimya. Asili yake, karibu mara zote, ni kirusi kiitwacho HPV. Watu wengi hukipata, na miili ya wengi hukifukuza yenyewe. Kikidumu, hugeuza mlango wa kizazi polepole, na kwa kawaida saratani hutokea baada ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kipimo hutafuta mageuzi hayo mapema, wakati tiba ingali nyepesi. Shirika la Afya Duniani lashauri mwanamke aanze kupimwa apatapo miaka 30, na mwenye VVU miaka 25. Lakini atokwaye na damu isiyo ya mwezi asingoje umri. Na aende kwa daktari upesi.

*Nitafanywaje?* Utalala chali, magoti juu. Mwuguzi atatia chombo cha kupanulia njia, kisha atapaka siki hafifu na kungoja kama dakika moja. Pakigeuka peupe, huenda pana badiliko. Kwingine huchukua ute kwa kijiti laini ili kutafuta kirusi, na pengine mwanamke huuchukua mwenyewe. Si kupasuliwa, huumiza kidogo tu. Usiende siku za hedhi.

*Wakiona weupe, ndiyo saratani?* La, mara nyingi sivyo. Mara nyingi sehemu ile huchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, pengine siku ile ile, na mama hurudi kwake. Kisha hutokwa na majimaji majuma kadhaa, na mume hana budi kujizuia kama majuma 4.

*Mke wangu akionekana na kirusi, amezini?* Aliyeuliza hivi ni mwalimu. La, ndugu yetu, usihukumu. Kirusi hiki huweza kukaa mwilini miaka mingi, pengine tangu kabla ya ndoa. Na mume naye hukichukua asijue. Kipimo hakisemi kililetwa na nani wala lini. Amshitakiye mkewe kwa karatasi ya hospitali huishuhudia karatasi neno isilolisema.

*Na binti zetu?* Iko chanjo, itolewayo nchi nzima Tanzania tangu 2018, na Kenya tangu 2019. Hufaa zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi. Haimfanyi tasa. Naye akiisha kuchanjwa, akikua imempasa kupimwa vilevile.

Twakumbuka katika Injili yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alipoeleza habari yake yote mbele ya watu, hakuaibishwa, aliitwa binti. Basi mwezi huu kila mume na amwulize mkewe kwa upole kama amekwisha kupimwa, na kama bado, ampe nauli, abaki na watoto.

Wasalaam.