Kimulimuli cha V8 na ambulensi ya Tunduma

Ukiona gari la mtu binafsi linapiga king'ora na kuwasha kimulimuli cha bluu, jua kuna sheria inavunjwa. Vifaa hivyo ni vya polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na misafara rasmi. Polisi wa usalama barabarani wameshafanya oparesheni za kuving'oa mara kadhaa. Vinang'olewa leo, kesho fundi anafunga vingine.

Tunduma hili linauma zaidi. Sehemu kubwa ya barabara ya TANZAM ina njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Malori ya Zambia na Kongo yakipanga foleni kuelekea mpakani, njia moja imekwisha. Iliyobaki ndiyo ya ambulensi inayotoka Tunduma kumpeleka mama mjamzito hospitali ya mkoa Vwawa, au Mbeya, takriban kilomita 100.

Sasa mwenye V8 anachoka kusubiri, anawasha kimulimuli, anachomoka kulia. Anakutana na ambulensi uso kwa uso.

Na dereva wa lori akishadanganywa na taa hizo mara tatu, ya nne hapishi, hata kama ndani kuna mgonjwa kweli.

Trafiki naye anasita, maana hajui kwenye V8 kuna nani. Lakini namba ya njano inayoanza na T ni ya gari binafsi. Kama si la wagonjwa, alisimamishe tu.