Wako Wapi Wengine?

Asubuhi ya tarehe 26 Juni 2024 nilinunua gazeti kama ilivyo desturi yangu, nikaketi kwenye benchi la mama anayetuuzia chai na mandazi pale kituo cha matatu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, na wetu alipiga kura gani?"

Nikalipekua gazeti ukurasa kwa ukurasa. Nilikuta picha za Bunge likifuka moshi, nikakuta na tarakimu: wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 waliupinga. Jina la mbunge wetu sikuliona.

Siku hiyo sikulilaumu gazeti. Vijana walikuwa wameuawa kwa risasi, na maiti hutangulia hesabu. Lakini nililinunua wiki nzima, na wiki iliyofuata, na jibu la mama yule halikuja. Aliyelileta ni mwanawe wa kidato cha tatu, kwenye simu, kwa sababu vijana walikuwa wakisambaziana orodha. Jina la mheshimiwa wetu halikuwamo kati ya waliosema ndiyo, wala kati ya waliosema la.

Hapa, msomaji wangu, naomba tusimame kidogo. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Jumlisha 195 na 106, unapata 301. Wako wapi wengine? Toa kura zilizoharibika, toa mgonjwa, toa aliyefiwa. Bado wanabaki wengi mno kwa siku ambayo nchi nzima ilikuwa imesimama ikiwatazama.

Tatizo ni kwamba habari za Bunge huandikwa kama habari za mpira. Mpira una mshindi na mshinde, basi. Lakini bungeni mjanja kuliko wote ni mtoro. Mswada ukipita, si yeye aliyeupitisha. Ukianguka, alikuwa nasi tangu mwanzo. Mshahara ni uleule. Wetu alisimama mazishini mwezi Agosti, kipaza sauti mkononi, akatuambia kwamba kodi zile hakuzikubali kamwe, na waombolezaji wakampigia makofi. Mwandishi wa habari alikuwapo. Kesho yake tukasoma alichokisema mheshimiwa, neno kwa neno. Kwamba hakupiga kura, hatukusoma.

Nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Kabla ya kura magazeti yalifanya kazi nzuri. Ni kwao nilikosoma kwamba mkate ungetozwa VAT ya asilimia 16, na gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, na kwamba mapendekezo hayo mawili yaliondolewa tarehe 18 Juni huku mengi mengine yakibaki. Na waandishi waliokuwa barabarani walivuta moshi uleule waliovuta waandamanaji. Wengine walipigwa na polisi. Ugomvi wangu ni na meza ya mhariri. Ataniambia nafasi haitoshi. La hasha! Majina 349 yanaenea kwenye ukurasa mmoja, tena kwa herufi zinazosomeka na mzee kama mimi. Nafasi ya zabuni ipo, ya picha za marehemu ipo. Au tuseme wazi kwamba serikali ni mteja mkubwa wa matangazo, na wabunge ndio wanaompigia mhariri simu usiku?

Tarehe hiyohiyo 26 Juni Rais alikataa kutia saini, akaurudisha mswada akitaka vifungu vyake vyote vifutwe. Tukashangilia, na haki yetu. Kisha tarehe 11 Desemba 2024 akatia saini sheria nyingine ya kurekebisha sheria za kodi, na ndani yake mkawamo mambo yaliyokuwamo katika ule wa Juni. Sisemi yote ni mabaya. Kodi kwa kampuni za kigeni zinazovuna pesa kwetu kupitia mtandao bila kuwa na ofisi hapa, mimi naiona ya haki kabisa. Lakini mwezi Juni hata makanga wa matatu alijua kifungu gani kinamgusa; Desemba habari yenyewe niliiona katika ukurasa wa ndani, aya chache, chini ya tangazo la ofa za Krismasi. Majina ya waliopiga kura? Usiniulize.

Nililikunja gazeti lile nikaenda zangu benchini. Mama akanimiminia chai, akauliza leo kuna nini. Nikamwambia Rais ametia saini sheria ya kodi.

"Si ilitupwa ile, Mwalimu?"

Nilifungua gazeti nimwonyeshe, nikageuza kurasa mara mbili kabla ya kuipata.