Mwiko Mdomoni mwa Bosi

Na Bwana Msumari

Watu wa mtaa wetu hawajui kukaa kando. Jumanne jioni mbwa wangu Bosi alianguka tena, pale karibu na simtanki. Ndiye aliyewahi kumkimbiza mgombea udiwani. Sasa ana miaka 11, mvi zimemjaa mdomoni, na kifafa kimemkuta uzeeni. Alilala ubavu, miguu ikikimbia hewani, taya zikigongana, povu, mkojo. Nikaondoa kigoda asijigonge kichwa, nikatazama saa, nikasubiri.

Wenzangu hawakusubiri. Jirani wa geti jeusi akaja mbio na mwiko wa ugali, ati ampanue meno asimeze ulimi. Mbwa hamezi ulimi, jirani. Hata binadamu hamezi. Ukimtia mti mdomoni utamvunja jino, na ukimtia mkono utarudi nyumbani na vidole pungufu. Mwingine akaleta kitunguu. Mama mmoja akakemea pepo. Kijana akapiga kelele: "Kichaa hicho, leteni panga!" Kadi ya chanjo ya Bosi iko sawasawa, na kichaa cha mbwa hakimwangushi mnyama dakika mbili kisha kikamwacha ainuke kudai chakula. Lakini mwenye panga hasomi kadi. Tumelelewa kuogopa povu la kifafa, hata ndugu zetu wakianguka stendi tunawaruka, seuze mbwa.

Bosi aliinuka, akajigonga ukutani, akazunguka uani bila kunitambua. Hapo unazima redio na kumwacha azunguke mpaka akili imrudie.

Daktari wa mifugo, siku ya kwanza nilipompelekea, hakuuliza habari za pepo. Aliuliza kifafa kilimshika dakika ngapi. Kikipita dakika 5, au kikirudi tena na tena ndani ya siku moja, unambeba usiku huohuo. Akamtoa damu apime ini, figo na sukari, kwa sababu mbwa akianza kifafa uzeeni mara nyingi kuna ugonjwa mwingine nyuma yake, na wakati mwingine ni uvimbe kwenye ubongo. Sasa anameza fenobabitoni asubuhi na jioni, na nimeonywa nisimkatishie ghafla hata akionekana mzima. Dawa yenyewe inatia njaa: juzi amemaliza chapati za mgeni, na mgeni mwenyewe nilikuwa simpendi.

Daktari aliniagiza pia video ya tukio. Jumanne simu zilinyanyuliwa mtaa mzima, kila moja ina saa, na hakuna aliyehesabu hata dakika. Kabla Bosi hajasimama, video ilishafika kwenye grupu la mtaa, lile nililotolewa, na maneno "Mbwa kichaa, fungeni watoto". Nikamwomba wa geti jeusi anirushie nimpelekee daktari.

Kajibu bando limeisha, nimtumie buku.