MAANDISHI YA PROGRAMU NI YA NANI?



Tangu Oktoba 2024 mshahara wako hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi kwa ajili ya matibabu. Wengi wenu mmetuuliza habari za makato hayo. Leo twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni ule mtambo wa kompyuta unaotafuta jina lako ukifika hospitali.

Mwezi wa Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilitolewa. Ilisema ya kuwa mtambo huo, wa bei ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya Serikali. Haki zake zimebaki kwa makampuni yaliyopewa kazi ya kuujenga. Yaani mpangaji analipa bei ya kununua nyumba, kisha anabaki mpangaji.

Je, hapakuwa na njia nyingine? Ilikuwapo, na wanachama wetu makarani wa afya waijua kwa mikono yao. Tangu mwaka 2011 hesabu za wagonjwa wa Kenya nzima, za Merti na Garba Tula pia, huingizwa katika programu ya DHIS2, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hiyo ni programu huria: maandishi yake yako wazi, na fundi yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha. OpenMRS, ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa, ni vivyo hivyo. Mizizi yake iko katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, na leo yatumika katika nchi nyingi.

Lakini tusidanganyane. Huria si kusema haina bwana. Matajiri nao wamejua kufanya biashara hapo. Kampuni ya Red Hat ya Marekani iliuza utunzaji na ufundi juu ya programu ambayo maandishi yake yako wazi, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa dola bilioni 34. Hatuoni ubaya kwa mtu kulipwa kwa kazi yake. Ubaya ni ule wa kubadili masharti baada ya watu kuzoea. HashiCorp iliwaalika mafundi wa nje waongeze maandishi yao katika programu yake ya Terraform, ila kila mmoja kwanza akubali mkataba wa kuipa kampuni mamlaka juu ya kazi yake. Agosti 2023 kampuni ikageuza leseni, na washindani wake wakazuiwa. Mafundi na makampuni mengine wakachukua nakila ya zamani, wakaiita OpenTofu, wakaiweka chini ya Linux Foundation, ambako hakuna kampuni moja iliyo na kauli ya mwisho. Waliweza kwa sababu leseni ya kwanza iliwaruhusu. Wenye programu iliyofungwa hawana pa kukimbilia.

Wazee wa Kiborana hapa Isiolo hawahitaji kufundishwa haya. Kisima chaweza kuwa cha watu wengi, lakini yuko abba herega wa kupanga zamu za kunywesha, na kila mwenye mifugo ajua atachangia nini kukisafisha. Kisima kisicho na mpango hujaa mchanga, na mwenye nguvu hunywesha kwanza.

Tena kuna suala la mshahara. Januari 2025 Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje, na watu wengi wa miradi ya afya nchini wakapoteza kazi. Programu huria haikufutwa siku hiyo, lakini programu haijitunzi. Fundi wa kuitunza asipokuwa kwenye orodha ya mishahara ya kudumu, uhuru wake ni wa karatasi.

Kwa hiyo twaiuliza Serikali ya Kaunti, nasi tutaiandikia barua: kabla ya kutia sahihi mkataba mwingine wowote wa kompyuta, maandishi yatakuwa ya nani? Kampuni ikiondoka, hesabu zetu zitabaki na nani? Ni mafundi wangapi wa Isiolo wataajiriwa, na kwa masharti gani? Makarani mnaotumia mitambo hii kila siku, mpeni katibu wa tawi matatizo yenu kwa maandishi, ili tuyaambatanishe na barua hiyo.