Mkaja wa Mama na Mkanda wa Kariakoo

Kila familia iliyowahi kukaa kikao cha posa inalijua neno mkaja. Katika orodha ya mahari anayokabidhiwa mshenga, pamoja na kilemba cha baba na blanketi la bibi, hutajwa mkaja wa mama, na bahasha hupita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ni wachache wanaouliza neno lenyewe lina maana gani. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Kwa hiyo, kijana anayetoa mkaja anakiri jambo zito kuliko fedha zilizomo ndani ya bahasha: kwamba binti anayemposa alitoka katika tumbo la mtu, kwamba tumbo hilo lilitanuka, likaumia na likalegea, na kwamba kwa kulegea huko kuna deni.

Sasa tutazame kitambaa cha pili. Katika maduka ya Kariakoo, na katika kurasa za wauzaji wa mtandaoni, unauzwa mkanda wa kubana tumbo: mpira mzito wenye safu za ndoano, unaovaliwa chini ya gauni ili tumbo lililozaa lionekane kana kwamba halijazaa. Kwa umbo, mkanda huu ni mjukuu wa mkaja. Kwa maana, umekwenda kinyume na bibi yake. Mkaja uliitangazia nyumba nzima kwamba hapa pamezaliwa mtoto. Mkanda unafuta ushahidi.

Hoja yangu si kwamba mwanamke asijisitiri. Kila mtu ana haki ya kuamua sehemu gani ya mwili wake ionekane na ipi isionekane. Hoja yangu ni kwamba kuficha ngozi iliyolegea kumekuwa sharti lisiloandikwa la kukubalika kazini, shuleni na hata nyumbani, na kwamba sharti hili lina faida kwa watu wengine. Jamii isiyoliona tumbo lililozaa hupata kisingizio cha kutolilipia.

Tuanze na mwili wenyewe, maana mengi yanayosemwa juu yake ni uzushi. Ngozi ya tumbo hushikiliwa na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni na elastini. Mimba huzivuta nyuzi hizo kwa miezi 9. Mimba ya pacha huzivuta zaidi, na mimba ya tatu huzikuta zimekwisha kuchoka. Mji wa mimba hurudi karibu na ukubwa wake wa awali katika muda wa wiki 6 hivi, lakini ngozi haifuati ratiba hiyo. Kwa wengine hujikaza baada ya miezi. Kwa wengine hubaki imelegea maisha yote, na umri na maumbile ya kurithi yana nguvu kuliko juhudi za mwenye mwili. Misuli miwili ya mbele ya tumbo nayo huachana katikati, na mara nyingine huhitaji mazoezi maalumu ili ikaribiane tena. Aliyepungua kilo nyingi, awe mwanamume au mwanamke, hujikuta katika hali hiyo hiyo: mafuta yameondoka, ngozi imebaki. Hakuna kitambaa wala mafuta ya kupaka yatakayoiondoa ngozi ya namna hiyo. Kinachoiondoa ni kisu cha daktari, na upasuaji huo, unaofanyika sasa katika hospitali kubwa za Dar es Salaam na Nairobi, huacha kovu refu chini ya tumbo na bili ambayo mshahara wa mwalimu hauiwezi.

Sisemi kwamba kufunga tumbo ni upuuzi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akifungwa kitambaa kwa kiasi, hupata nafuu anapoinuka kitandani au anapokohoa. Wazee wetu walilijua hilo. Hawakuwa sahihi katika kila jambo. Kukandwa kwa maji ya moto, kwa mfano, huweza kumuunguza mzazi na hakurudishi tumbo mahali pake. Lakini mkaja ulikuwa na muda wake na watu wake. Ulifungwa katika siku za uzazi, hadi arobaini, mama akiwa amepumzishwa, akipikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto akiogeshwa na mikono mingine. Mkanda wa Kariakoo hauna arobaini. Huvaliwa tangu alfajiri kwenye daladala hadi jioni, katika joto la Pwani, na mwili hulipa: pumzi fupi, kiungulia, vipele na fangasi katika mikunjo yenye jasho, na mgandamizo unaosukumwa chini kwenye misuli ya nyonga ambayo nayo ilikuwa bado inajiuguza. Tumechukua kufunga, tukaacha kupumzishwa.

Njia nyepesi za kujisitiri hazijakosekana. Dera linalopita juu ya kila kitu, kanga ya pili juu ya gauni, kitenge chenye maua makubwa, marinda yanayoanzia chini ya kifua: fundi mzuri wa mtaani huupima mwili wa mteja wake na kuusitiri bila kuuhukumu. Hiyo ni sitara, na sitara ni heshima ambayo mtu hujipa mwenyewe. Tofauti kati ya sitara na kificho ni swali moja tu: mwanamke huyu akiamka kesho na kuamua kuvaa gauni lake bila mkanda, atapoteza nini?

Ofisini, atapoteza utulivu. Ataulizwa na wenzake, kwa bashasha kabisa, anatarajia lini. Mwanamume haulizwi. Suti ya Kaunda, ambayo koti lake huteremka nje ya suruali, imevisitiri vitambi vya wakubwa wa ofisi zetu kwa miongo kadhaa, na kitambi hicho husomwa kama cheo. Tumbo la bosi limetokana na chakula. Tumbo la karani limetokana na kuleta raia duniani. Lakini anayetakiwa kuona haya ni karani. Hapa mtumishi wa umma wa kike hubanwa pande mbili. Waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma unakataza nguo zinazobana, na una sababu zake. Macho ya watu yanamtaka awe na kiuno cha msichana. Basi hutii yote mawili: nje asibane, ndani ajibane.

Macho hayo yana uhusiano wa moja kwa moja na kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu hadi saa 2 za kunyonyesha katika siku ya kazi. Baba anapewa siku 3. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inatoa miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 wa Shirika la Kazi Duniani unaweka kiwango cha chini cha wiki 14 kwa mama, yaani siku 98, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Hesabu hizi hazilingani, na mwili wa mama ndio unaobeba tofauti. Anarudi kazini siku ya 85 akiwa na tumbo linaloonyesha wazi kwamba bado ni mzazi, na anajua kwamba akionekana mzazi atahesabiwa kuwa mzigo. Mkanda unamsaidia kuonekana kana kwamba hakuondoka. Naye mwajiri, asiyeona dalili yoyote, huona hata zile saa 2 za kunyonyesha ni upendeleo. Na hapa nawazungumzia wenye ajira rasmi. Mama lishe na mkulima, ambao ndio wengi, hawana hata siku moja ya likizo inayolipwa na mtu.

Pengine hakuna anayebanwa na jambo hili kuliko msichana wa shule. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliwaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi wa elimu. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa na wa haki. Lakini sare zilibaki zilezile: shati la kuchomekea na sketi inayokazwa kiunoni, vazi lililoshonwa kwa kudhani kwamba hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzaa. Msichana wa miaka 17 anayevaa sweta saa saba mchana wakati wenzake wanajipepea kwa madaftari hahitaji kueleza anachokificha. Mlango wa darasa umefunguliwa. Macho ya darasani hayajafundishwa. Shule inayotaka abaki inaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama, yaani kumruhusu avae shati nje ya sketi bila kumtaka ajieleze.

Najua nitakayojibiwa. Ya kwanza ni kwamba hili ni suala la urembo, na wanawake wenyewe ndio wanaonunua na ndio wanaochekana. Ni kweli kwamba kicheko kikali hutoka mara nyingi kwa wanawake wenzao. Lakini mtu hununua mwavuli kwa sababu mvua inanyesha, na wauza miavuli hawawezi kutuambia kwamba mvua ni chaguo la mnunuzi. Ya pili ni kwamba ninaupamba mkaja wa kale. Siupambi. Mkaja wa posa hulipwa mara moja, miaka 20 au 30 baada ya tumbo kulegea, na hulipwa kwa mama wa binti tu. Aliyezaa watoto wa kiume watupu hana wa kumletea bahasha. Deni lililokiriwa kwa namna hiyo limekiriwa nusu. Ninachokitetea ni ile kanuni iliyomo ndani yake, kwamba aliyebeba ana haki ya kudai.

Kanuni hiyo tuihamishe kutoka kikao cha posa kwenda bungeni, ofisini na kliniki. Likizo ya mama ifike angalau siku 98, na ya baba ikue hadi awe na nafasi ya kuosha nepi. Hudhurio la kliniki la wiki 6, ambalo aghalabu humtazama mtoto, limtazame na mama: misuli imeachana kiasi gani, mazoezi gani yatamfaa, mkanda gani utamdhuru. Waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea, ili zile saa 2 za kisheria zisiishie chooni. Na sisi wengine, katika korido za vyuo na ofisi, tuache kuyahoji matumbo ya watu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walikuwa wakimwonya mzazi kwamba kuleta uhai kunataka mtu akubali kuonekana na wakunga katika hali ambayo kwa kawaida asingekubali kuonekana. Akishakubali, jamii nayo ina wajibu: isimwambie, mara tu mtoto akipatikana, kwamba sasa aufiche mwili uliomleta. Atakayejisitiri ajisitiri kwa hiari yake. Mkaja wake bado anaudai.