Ugonjwa wa kusahau: Kwa nini wazee wa Gusii wako mbali na majaribio ya dawa

FAMILIA inayomuuguza mzazi mwenye ugonjwa wa Alzheimer katika kaunti za Kisii na Nyamira, ikitaka ashiriki majaribio ya dawa mpya, hukutana na kikwazo cha kwanza papo hapo kijijini, kabla hata ya kufikiria nauli ya Nairobi.

Ajuza anayepotea njia akitoka sokoni, au anayekutwa usiku katika boma la jirani asijue alifikaje, huenda akaitwa omorogi, yaani mchawi. Si tusi jepesi. Mnamo Mei 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliteketezwa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa Marani kwa tuhuma hizo hizo. Haishangazi basi kwamba baadhi ya watoto humficha mama yao badala ya kumpeleka hospitalini.

Kuchelewa huko ndiko kunakomfungia mlango, kwa kuwa majaribio mengi ya dawa hizi huwataka wagonjwa wa hatua za mwanzo. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 wenye dalili za mapema, ambao vipimo vilithibitisha kuwa na protini ya amiloidi ubongoni. Vituo vilikuwa Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia. Afrika haikupata hata kimoja. Faida yenyewe, ni kweli, ilikuwa ya wastani: ugonjwa ulipunguza kasi kwa asilimia 27 katika miezi 18, huku baadhi ya wagonjwa wakivimba au kuvuja damu ubongoni.

Anayetafuta jaribio humu nchini anaweza kuanzia Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ndiyo huidhinisha majaribio ya dawa, au katika sajili ya majaribio ya bara Afrika iliyoko Cape Town, isomwayo mtandaoni bila malipo. Anayeitisha pesa za kumwandikisha mgonjwa aepukwe, hata akivaa koti jeupe.

Hata hivyo, watafiti watauliza ugonjwa ulitambuliwa lini na kwa kipimo gani. Watamtaka pia mgonjwa aelewe anachokubali. Kwa hivyo safari ya mapema hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina uzito kuliko jina lolote la dawa. Isitoshe, usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingoni au sonona, na huo hutibika bila kungoja jaribio lolote.