Tafsida Inayoua: Tuwafunze Vijana Kupima Maneno

Wazazi na walimu wamekuwa wakilalamika mara kwa mara kwamba filamu za magenge kutoka ng'ambo ndizo zinazowapotosha vijana wetu. Malalamiko hayo husikika Kitale, husikika mjini Bungoma, na hapa Kabuchai hujitokeza kila kijana anapojiunga na kundi baya. Inadaiwa kwamba kijana akimwona jambazi wa kwenye runinga amevaa nadhifu na kuogopwa na wote, atatamani kuwa kama yeye. Dai hilo halikosi chembe ya ukweli. Hata hivyo, linatufanya tuikodolee macho bunduki, ilhali kijana hunaswa na neno kabla hajaiona bunduki.

Tuchukue mfano wa tamthilia ya Kiitalia iitwayo Gomorra, iliyoonyeshwa na kituo cha Sky kuanzia mwaka 2014 hadi 2021 katika misimu mitano. Chimbuko lake ni kitabu cha Roberto Saviano kilichochapishwa mwaka 2006. Tangu mwaka huo, mwandishi huyo amekuwa akiishi chini ya ulinzi wa polisi kwa sababu ya vitisho vya wahalifu aliowaanika. Tamthilia yenyewe inahusu Camorra, yaani magenge ya jiji la Napoli, na vijana wanaouza dawa za kulevya na kuuana katika mitaa kama Scampia. Si tamthilia ya watoto, na simshauri mwalimu yeyote kuipeleka darasani. Lakini kwa msomi wa lugha, ina funzo kubwa.

Kwanza, wahusika wake huzungumza Kinapoli, si Kiitalia sanifu, hivi kwamba ilibidi maandishi ya Kiitalia yawekwe chini ya picha ili Waitalia wengine waelewe. Pili, Saviano anaeleza kwamba watu wa magenge hayo hawalipendi jina Camorra. Wao huyaita Sistema, yaani mfumo. Tafadhali lizingatie neno hilo. Halinuki damu hata kidogo. Mtu wa mfumo anaweza kudhaniwa kuwa karani wa benki. Katika msimu wa kwanza kuna kijana aitwaye Daniele, fundi wa gereji, ambaye jambazi mmoja humfuata, humsifu na kumfanya ajihisi kuwa mtu mbele ya watu. Hatimaye humtuma kuua. Kazi ikishakwisha, kijana huyo hana faida tena, naye huuawa. Hakuvutwa na bastola. Alivutwa na sifa.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu tafsida, yaani kutumia neno la staha mahali pa neno kali. Tafsida ni adabu njema. Tunasema mtu ameaga dunia, au mama amejifungua, na hakuna anayedhurika. Lakini tafsida inapotumiwa kuufunika uovu, huwa kama mkakasi, uzuri wake nje, ndani kipande cha mti.

Hatuhitaji kusafiri hadi Italia kupata ushahidi. Ukisimama katika soko la Chwele, unauona Mlima Elgon kwa macho yako. Huko mlimani, kati ya mwaka 2006 na 2008, kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force liliwahangaisha wananchi kutokana na mgogoro wa mashamba ya Chebyuk. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2008 kwamba zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo. Makumi ya maelfu walihama makwao. Kuna waliokatwa masikio, kuna waliotozwa fedha na mifugo, na kuna wazazi waliolazimishwa kuwatoa wana wao wajiunge nalo. Na jina la kundi lilisema nini? Lilisema kutetea ardhi. Nani angekataa kutetea ardhi ya babu yake? Baadhi ya wenyeji hawakukubali kudanganywa na jina hilo. Wao waliwaita vijana hao Janjaweed, kwa jina la wanamgambo wa Darfur. Aliyeumia alikuwa na kamusi yake.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Mwezi Machi 2008 Serikali ilipeleka wanajeshi katika operesheni iliyopewa jina Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi hilo aliuawa mwezi Mei mwaka huo. Lakini mamia ya wanaume walikusanywa na kupelekwa katika kambi ya Kapkota, na watetezi wa haki za binadamu wakakusanya ushahidi wa mateso, vifo na watu waliotoweka. Basi mjane aliyempoteza mwana kwa watetezi wa ardhi, na mume kwa waokoaji wa maisha, atayaaminije maneno ya Kiswahili?

Mwaka 2010, chini ya sheria mpya ya kupambana na uhalifu wa kupangwa, Serikali ilipiga marufuku makundi 33. Orodha hiyo ni somo tosha la isimujamii. Mlikuwa na Taliban, Baghdad Boys na Kosovo Boys, majina yaliyookotwa katika taarifa za habari za vita vya mbali. Mlikuwa na Jeshi la Mzee, kundi lililovuma miaka ya 1990, ambalo liliunganisha nidhamu ya askari na heshima ya umri. Mlikuwa na Forty Brothers, yaani ndugu arobaini. Baadaye kule Kisauni, Mombasa, likasikika genge la Wajukuu wa Bibi. Jeshi, ndugu, mzee, wajukuu! Hakuna genge hata moja lililojiita Wezi wa Mtaa. Wote walijua kwamba kijana hatafuti wizi. Anatafuta ukoo, cheo na mtu wa kumwita kwa jina.

Yupo atakayesema kwamba majina yaliyookotwa katika runinga yanathibitisha kuwa runinga ndiyo yenye kosa. Ninamjibu hivi: runinga humpa kijana jina, lakini haimpi njaa ya kulitafuta jina hilo. Filamu ya Kenya ya mwaka 2012, Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga, inaeleza jambo hilo vizuri. Kijana Mwas anatoka kijijini kutafuta uigizaji jijini, na wa kwanza kumpa mahali pa kusimama ni wezi. Lau milango mingine ingefunguka mapema, kisa kingekuwa kingine.

Kwa nini nalisema hili sasa? Kwa sababu uchaguzi mkuu wa mwaka 2027 hauko mbali. Sisi wa Kabuchai tunaukumbuka uchaguzi mdogo wa tarehe 4 Machi 2021, uliogubikwa na fujo na kukamatwa kwa wanasiasa. Mwezi Juni 2025 taifa zima lilishuhudia wahuni wenye marungu wakiwavamia waandamanaji jijini Nairobi. Kila msimu wa siasa ukikaribia, hutokea waheshimiwa wanaotafuta vijana wa kulinda kura, vijana wa mkono, vijana wetu. Neno "wetu" ni tamu sana kwa mtu asiye na kazi. Lakini kijana wetu akivunjika mguu, ghafla huwa mhuni asiyejulikana.

Jamii zetu hazikukosa undugu wa kweli. Miongoni mwa Wabukusu, wanaume waliotahiriwa pamoja huitana bakoki, na kifungo hicho hudumu hadi kaburini. Bakoki ana wajibu kwako, nawe una wajibu kwake, na wazee ni mashahidi. Huo ndio mtihani wa neno ndugu: je, anayelitamka anadaiwa chochote? Ndugu wa genge hadaiwi kitu.

Walimu wenzangu, mada ya tafsida tayari tunaifundisha. Tusiishie katika mifano ya haja ndogo na kuaga dunia. Tuwaombe wanafunzi walete maneno wanayoyasikia sokoni, katika vituo vya bodaboda na katika mikutano ya hadhara, kisha tuulize kila neno maswali matatu: Nani amelisema? Linaficha tendo gani? Anayelipia ni nani?

Nanyi wanafunzi, atakayewajia na kusema ana kazi ndogo kwa kijana shupavu, mwambieni aitaje kazi hiyo kwa jina lake halisi. Akisitasita, mmekwisha kulipata jibu.